Mwanga Unapogeuza Rangi: Historia ya Leza Ndani ya Vimiminika

Chai inayochumwa Luponde na Kibena, mkoani Njombe, ikitiwa kwenye glasi na kuinuliwa dirishani huonekana ya hudhurungi inayoelekea wekundu. Rangi zilizomo ndani yake hufyonza sehemu ya buluu ya mwanga wa jua na kuiacha nyekundu ipite. Mkazi wa kata ya Ramadhani, Njombe, akiitazama glasi hiyo alfajiri, kabla ukungu haujaondoka, na mwenzake wa Makambako akiitazama saa sita mchana, kila mmoja ataona rangi ileile. Mwanga ukiwa hafifu au mkali, chai ni chai.

Kwa zaidi ya miaka mia moja sayansi iliamini kwamba hivyo ndivyo kila kimiminika chenye rangi kilivyo: kinachuja mwanga, lakini chenyewe hakibadiliki. Leza iliivunja imani hiyo. Ilionyesha kwamba mwanga wenye nguvu ya kutosha hukibadilisha kimiminika kinachoupokea, nacho kikishabadilika huugeukia mwanga uleule na kuubadilisha pia. Karibu kila hatua ya historia hii ilianza na kero, yaani jambo lililowaharibia watu kipimo walichokuwa wakikitafuta. Waliokataa kuipuuza kero hiyo ndio waliotufikisha hapa.

1760–1926: Kanuni na ufa wake wa kwanza

Mwaka 1760 Johann Lambert alieleza jinsi mwanga unavyopungua kadiri unavyopita kwenye unene mkubwa zaidi wa kitu. Mwaka 1852 August Beer akaongeza suala la wingi wa rangi: ukizidisha rangi maradufu ndani ya kimiminika, ni sawa na kuzidisha unene wake maradufu. Kutokana na kazi zao ikapatikana kanuni moja ambayo wanafunzi wa kemia huisoma hadi leo. Kanuni hiyo inauliza rangi ni kiasi gani na njia ya mwanga ni ndefu kiasi gani. Haiulizi mwanga wenyewe una ukali gani, kwa kuwa taa na jua vya wakati ule havikutoa sababu ya kuuliza.

Rangi zenyewe zilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akaambulia rangi ya zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri. Kiwanda cha rangi za maabara kikazaliwa hapo. Mwaka 1871 Adolf von Baeyer wa Ujerumani alipata fluoreseini, inayong'ara kijani hata ikiwa kidogo mno ndani ya maji. Mwaka 1887 zikaja rodamini, familia ya rangi nyekundu na waridi. Wenye viwanda walifikiria nguo na karatasi. Rodamini ilisubiri takriban miaka themanini kabla ya kupata kazi iliyoipa jina kubwa katika fizikia.

Ufa wa kwanza ulionekana mwaka 1926. Warusi wawili, Sergei Vavilov na Vadim Levshin, walimulika kioo chenye urani kwa mwanga mkali wa cheche za umeme, wakaona kwamba kioo kilifyonza sehemu ndogo zaidi kuliko kanuni ilivyotaka. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Vavilov alielewa maana yake: molekuli iliyokwisha kumeza chembe ya mwanga haiwezi kumeza nyingine ya aina ileile hadi ipumue, na kama molekuli nyingi zimeshiba kwa wakati mmoja, mwanga unaofuata unapita bila kizuizi. Alikuwa na wazo sahihi lakini hakuwa na taa ya kulithibitisha ipasavyo. Ilibidi kungoja.

1960: Taa mpya

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, fimbo fupi ya yakuti iliyozungushiwa taa ya kumulika ya wapiga picha. Desemba ya mwaka huohuo Ali Javan, mzaliwa wa Tehran, pamoja na wenzake wa Bell Laboratories walifanikiwa kupata leza ya gesi za heli na neoni. Tofauti na ile ya yakuti iliyotoa mwanga kwa mapigo, hii ilitoa mwale mfululizo, na mwaka 1962 ikapatikana ile yake nyekundu ambayo vyuo vingi vimeitumia tangu hapo.

Nguvu ya leza kama hiyo ni ndogo kuliko ya balbu ya nyumbani. Kinachoipa leza uwezo ni kwamba mwanga wake wote una rangi moja na unakwenda njia moja, hivyo unaweza kukusanywa kwenye doa dogo kuliko kichwa cha sindano. Kimiminika kinachokutana na doa hilo hukutana na ukali ambao jua halijawahi kukiletea.

1964: Lenzi ambayo hakuna aliyeitengeneza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha habari kilipo.

Mwaka uleule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, kundi la watafiti watano wa Bell Laboratories lilikuwa likitafuta kitu kingine kabisa. James Gordon, Rogério Leite, R. S. Moore, Sérgio Porto na John Whinnery walitaka kuona mtawanyiko dhaifu wa mwanga ambao C. V. Raman aliugundua India mwaka 1928. Kwa kuwa mtawanyiko huo ni hafifu, waliamua kuweka chombo cha kimiminika ndani ya leza yenyewe, baina ya vioo vyake viwili, mahali ambapo mwanga ni mkali kuliko unaotoka nje.

Leza ikaanza kufanya mambo ya ajabu. Kimiminika kikiingizwa, nguvu na umbo la mwale vilibadilika, na havikubadilika papo hapo. Mabadiliko yalichukua muda wa kuhesabika, hata sekunde nzima nzima, kisha yakatulia. Kwa mtu wa leza, sekunde moja ni milele. Molekuli humeza mwanga na kuutoa ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Ni kitu gani ndani ya kimiminika kinachokwenda polepole namna hiyo?

Jibu lilikuwa joto. Hata kimiminika kinachoonekana cheupe kabisa, kama benzini, hufyonza sehemu ndogo sana ya mwanga unaopita. Sehemu hiyo hugeuka joto katikati ya njia ya mwale, mahali mwanga ulipo mkali zaidi, na pembeni hubaki pa baridi. Kimiminika kikipata joto hutanuka, na kikitanuka uwezo wake wa kupinda mwanga hupungua. Basi katikati hupinda kidogo na pembeni hupinda zaidi, kwa mteremko laini kutoka kwenye kiini hadi ukingoni. Kitu chenye sifa hiyo ni lenzi, lenzi ya mbonyeo inayoutawanya mwale. Hakuna fundi aliyeichonga. Mwanga umeijenga wenyewe ndani ya sekunde moja, na ukizimwa, joto linasambaa na lenzi inatoweka.

Wangeweza kuandika kwamba chombo kinasumbua na kukitoa. Badala yake Leite, Moore na Whinnery walitangaza mwaka huohuo wa 1964 kwamba lenzi hiyo inaweza kutumika kupima ufyonzaji mdogo mno ambao vipimo vya kawaida haviuoni, na taarifa kamili ya kundi zima ikachapishwa mwaka 1965. Kipimo cha kawaida hulinganisha mwanga unaoingia na unaotoka. Kama kilichofyonzwa ni sehemu moja katika elfu kumi, unatafuta upungufu mdogo ndani ya kiasi kikubwa, na jicho la mashine linapotea. Lenzi ya joto haipimi kilichopungua. Inapima alama ambayo kile kidogo kilichofyonzwa kimeiacha ndani ya kimiminika.

Napenda ikumbukwe pia kwamba wawili kati ya watano hao, Porto na Leite, walikuwa Wabrazili. Baadaye walirudi kwao na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Campinas, ambako leza ilipata makao makubwa Amerika ya Kusini.

1967–1973: Pete ukutani

Kilichofuata ni kutia rangi kwa makusudi. Benzini safi hufyonza kidogo. Tone la rangi linaloendana na rangi ya leza hulifanya jambo lilelile kuwa kubwa mara nyingi. Kimiminika kilichobeba rangi nacho kina sauti yake katika matokeo. Spiriti hubadili upindaji wake kwa joto takriban mara nne zaidi ya maji ya kawaida, na hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo lenzi inayojengeka ndani yake ina nguvu zaidi ya mara kumi ya ile ya maji.

Mwaka 1967 Callen, Huth na Pantell walionyesha kwamba nguvu ikiongezeka, mwale unaotoka hauishii kutanuka tu. Hugawanyika kuwa pete, moja ndani ya nyingine. Mwanga uliopita katikati umecheleweshwa kwa kiasi tofauti na uliopita pembeni. Mianga hiyo miwili ikikutana ukutani, mahali pengine inaongezana na pengine inafutana. Kadiri kimiminika kilivyobadilika ndivyo pete zinavyozidi, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu pete na kujua kimiminika kimebadilika kiasi gani. Tena pete hizo si duara kamili. Baada ya muda mfupi upande wa juu hubanwa, kwa kuwa kimiminika chenye joto hupanda na kuvuruga mteremko wa joto juu ya mwale. Mkondo mdogo kiasi hicho, usioonekana kwa jicho, umejichora ukutani.

Mwaka 1973 Hu na Whinnery waliitoa sampuli nje ya leza, wakathibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi vizuri hata hivyo. Tangu hapo hakikuhitaji tena mtu wa kufungua leza.

1964–1971: Rangi inayoshiba, rangi inayowaka

Turudi nyuma kidogo, maana mwaka 1964 ulikuwa na jambo jingine. Makundi kadhaa, likiwemo la Peter Sorokin wa IBM, yaliweka mmumunyo wa rangi ndani ya leza ya yakuti ili uizuie. Rangi ilimeza mwanga wa mwanzo, leza ikalimbikiza nguvu bila kutoa kitu, hadi molekuli zote za rangi ziliposhiba. Papo hapo kimiminika kilipauka, kikawa wazi kama maji, na nguvu yote iliyolimbikizwa ikatoka kwa pigo moja kubwa. Kisha rangi ikarudi kama ilivyokuwa. Wazo la Vavilov la 1926 lilikuwa limepata taa yake.

Ni mabadiliko tofauti na lenzi ya joto. Lenzi huhusu kimiminika kizima na huchukua sehemu kubwa ya sekunde. Kupauka huhusu molekuli yenyewe na hutokea kwa kasi isiyofikirika. Vyote viwili hutokea ndani ya chombo kimoja, na mtafiti asiyejua kuvitenganisha hupata majibu ya uongo.

Mwaka 1966 Sorokin na Jack Lankard waliimulika rangi ya fitalosianini kwa leza ya yakuti, nayo ikageuka kuwa leza. Mwaka huohuo, Marburg, Ujerumani, Fritz Schäfer alikuwa akichunguza jinsi rangi zinavyoshiba, bila kujua kazi ya IBM. Mwanafunzi wake Volze alipojaribu kuongeza wingi wa rangi, mashine ilionyesha mwanga mkali takriban mara elfu moja kuliko waliotegemea. Tena urefu wa wimbi ulihama kadiri wingi wa rangi ulivyobadilika. Walikuwa wamepata leza ya rangi, na mwaka 1967 Soffer na McFarland wakaweka ndani yake kioo chenye mistari myembamba, wakaweza kuchagua rangi ya leza kwa kukizungusha tu.

Lakini lenzi ya joto haikuwa imeondoka, na sasa ilirudi kama adui. Leza ya rangi ilikubali kuwaka kwa mapigo mafupi. Ikiachwa iwake mfululizo, joto lilikivuruga kimiminika na mwale ukavunjika. Mwaka 1970 Peterson, Tuccio na Snavely wa kampuni ya Kodak walilishinda tatizo hilo kwa rodamini 6G. Waliacha spiriti wakatumia maji, ambayo hupitisha joto vizuri na kubadilika kidogo. Maji yana kasoro moja: ndani yake molekuli za rodamini hushikana mafungu na kupoteza mng'aro, hivyo walitia aina ya sabuni ya kuzitenganisha. Baada ya hapo mafundi walifika mahali pa kurusha rangi hewani kama utepe mwembamba unaokimbia, ili kila tone litoke kwenye njia ya mwanga kabla halijapata moto.

Mwaka 1971 Theodor Hänsch na Arthur Schawlow, huko Stanford, walijaribu jeli za kula za ladha mbalimbali zilizouzwa dukani. Hakuna hata moja iliyowaka, hadi walipotia fluoreseini kwenye jelatini ya kawaida. Hänsch alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na safari yake ya kupima mwanga kwa usahihi ilianzia kwenye leza za rangi.

1972–1999: Kutoka utepe wa rangi hadi Mwafrika wa Pasadena

Rangi inayoshiba ilikuwa na zawadi nyingine. Pigo la mwanga likipita ndani yake, ncha ya mbele iliyo hafifu humezwa na kilele chenye nguvu hupita. Pigo linatoka likiwa fupi kuliko lilivyoingia. Likizungushwa ndani ya leza na kupita mara maelfu, hukatwa tena na tena. Mwaka 1972 Ippen, Shank na Dienes walifika mapigo ya takriban sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwaka 1981 Fork, Greene na Shank walishuka chini ya femtosekunde 100, na mwaka 1987 kundi la Shank likafika 6, baada ya kulibana pigo zaidi nje ya leza. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde.

Aliyevuna kwa wingi kutokana na kasi hiyo alikuwa Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, aliyefundisha Caltech, Pasadena. Kwa leza za rangi aliweza, mwaka 1987, kuona kifungo baina ya atomu za molekuli moja kikikatika, kwa takriban femtosekunde 200. Kabla yake wanakemia walijua kilichoingia na kilichotoka. Kilichotokea katikati walikikisia. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia peke yake, Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya sayansi akiwa amezaliwa, kulelewa na kupata shahada yake ya kwanza katika nchi ya Kiafrika ya Kiarabu.

1989–1991: Orlando na Budapest

Mapigo yalipozidi kuwa mafupi, swali la kupima likarudi: kimiminika kimebadilika kwa joto, kwa kushiba, au kwa namna nyingine? Mwaka 1989 Sheik-Bahae, Said na Van Stryland wa Orlando, Florida, walitoa njia rahisi. Sampuli inasogezwa polepole kupitia mahali mwale ulipokusanyika, huku mwanga unaopita kwenye tundu dogo ukipimwa. Mchoro unaopatikana una bonde na kilele. Kilele kikitangulia, kimiminika kimekuwa lenzi ya kutawanya. Bonde likitangulia, kimekuwa lenzi ya kukusanya. Maabara yenye leza moja na meza tulivu inaweza kufanya kipimo hicho, na ndiyo sababu kimeenea hadi kwenye vyuo visivyo na fedha nyingi.

Budapest ilileta mshangao mkubwa zaidi. István Jánossy, pamoja na Lloyd na Wherrett wa Edinburgh, walitia rangi kidogo ndani ya fuwele kimiminika, jamii ya vitu vilivyomo kwenye vioo vya simu nyingi. Molekuli za fuwele hizo ni ndefu na hulala zikielekea upande mmoja. Mwanga wa leza unaweza kuzigeuza, ila kwa nguvu kubwa. Kwa rangi isiyofika asilimia moja, nguvu iliyohitajika ilishuka takriban mara mia. Joto peke yake halikutosha kuwa jibu. Jánossy alionyesha kwamba molekuli ya rangi ikishameza mwanga husukumana na majirani zake kwa namna tofauti na inapokuwa imetulia, na msukumano huo huwageuza. Hapa rangi si kichujio tena. Ni mkono ambao mwanga hushika nao molekuli zingine.

Tangu 1991: Vipimo na nyanda za juu

Njia ya Waafrika kufikia leza ilianza mapema: mwaka 1964, mwaka uleule wa lenzi ya joto, Abdus Salam wa Pakistan alifungua kituo cha fizikia Trieste, Italia, kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu. Waafrika wengi wa leza wamepita huko. Mwaka 1991 ukaanzishwa mtandao wa LAM wa wanasayansi wa leza na atomu barani, ukiratibiwa kutoka Dakar, na mwaka 2003 Kituo cha Leza cha Afrika chenye makao Pretoria. Njia ya mtafiti wa Tanzania kufika kwenye leza nzuri imekuwa fupi kuliko ya walimu wake, ingawa kwa maoni yangu bado ni ndefu mno.

Nasema hivyo kwa sababu kipimo cha lenzi ya joto cha 1964 kinafaa sana kwa mkoa kama Njombe. Tokyo, katika miaka ya 1990, Takehiko Kitamori na wenzake waliingiza lenzi ya joto ndani ya hadubini na kuhesabu molekuli chache mno ndani ya mfereji mwembamba kuliko unywele. Ulaya kipimo hicho hutumika kutafuta mabaki ya viuatilifu na kupima rangi za asili kwenye mafuta na vyakula. Maparachichi na viazi vya Njombe vinauzwa mbali, na mnunuzi wa mbali huuliza mabaki ya dawa.

Lenzi hiyo ya joto inaonekana hata kwenye darasa la sekondari. Kalamu ya leza ya kijani isiyozidi miliwati 5, chupa ndogo ya kioo yenye spiriti iliyotiwa rangi nyekundu kidogo, na ukuta ulio mita mbili mbele vinatosha: doa la kijani hutanuka taratibu baada ya leza kuwashwa. Mwalimu aifunge kalamu kwenye kishikio, asiruhusu jicho la mtu kuwa kwenye njia ya mwale wala ya mwale unaorudi kutoka kwenye kioo, na aweke moto mbali na spiriti.

Akitaka kwenda mbele, abadilishe spiriti kwa maji na kipimajoto. Badiliko la upindaji wa maji kwa joto huzidi kupungua kadiri yanavyokaribia kuganda, na karibu na nyuzi sifuri lenzi ya joto hufa kabisa, hata kama rangi ni ileile na leza ni ileile. Juni na Julai, sakitu inapoanguka Njombe na maji ya ndoo yakalala nje usiku kucha, shule ya Ramadhani inaweza kupata maji ya namna hiyo bila jokofu, ikayapima saa moja asubuhi na kuyapima tena saa saba mchana.